Koili ya Pili

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kusuka mota, na mimi ni mwenye mashine ya kusaga. Ukisikia hivyo utadhani tulioana kwa hesabu. Wala! Alikuja Kiswere kutengeneza mota ya mama yangu, kazi akaimaliza mchana, lakini mpaka magharibi yumo tu bandani anapangusa chuma kilichokwisha kung'aa. Mama akanivuta pembeni akaniambia, "Mota imepona. Mgonjwa ni huyu." Tukaoana baada ya mavuno.

Kazi yake aliifanyia barazani kwetu. Mafeni, pampu za maji, mota za mashine kutoka Milola na Rutamba, zote zililetwa pale zikiwa zimeungua zinanuka moshi. Anatoa waya wa zamani, anazungusha waya mpya wa shaba mpaka unakuwa koili, anaupanga ndani ya mifereji ya chuma, anaufunga kwa uzi, kisha anaumwagia vanishi ushikamane. Kazi ya kuinamia hiyo, na mtu akimsemesha katikati hajibu. Mimi nilikuwa namsemesha makusudi.

Balaa liliingia kwa simu. Alipata video ya mtu mmoja, sijui wa nchi gani, ana mota mezani inazunguka na taa zinawaka, na waya hauendi popote. Mume wangu akaitazama mpaka wali ukapoa.

"Unaona?" akaniambia. "Hakuna waya unaokwenda ukutani."

"Naona. Na chini ya meza kuna nini?"

Akaianzisha tena video kutoka mwanzo.

Lakini wazo lilikwishamkaa. Alinieleza hivi: mota ikifanya kazi inapata joto, na lile joto ni nguvu inayopotea bure. Sasa ukisuka koili ya pili juu ya ile ya kwanza, koili ya pili inakinga kinachomwagika. Unakiweka kwenye betri, na umeme ukikatika unasagia hicho hicho. Akajaribu kwenye feni yetu ya chumbani, ikaungua. Akajaribu kwenye pampu mbovu, nayo ikatoa moshi mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Hakukata tamaa. Akasema wazo halina kosa, ila mota zile ndogo mno, koili ya pili haipati nafasi. Huku anasema hivyo macho yako bandani kwangu.

"Thubutu!" nikamwambia.

Mota ile ni ya mama. Aliniachia yeye, ndiyo iliyotulisha na kutusomeshea watoto. Na ulikuwa mwezi wa Shaabani, Ramadhani inabisha hodi, wakati ambao kila mwanamke wa Kiswere anataka kusagiwa: huyu mchele wa mikate, yule mtama wa uji, mwingine makopa ya muhogo. Mota ikiniharibikia wakati huo, ningeweka wapi uso wangu?

Basi tukagombana wiki nzima, mimi nikisema zaidi. Halafu asubuhi moja akaja bila ubishi, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Mama watoto," akasema, "umeme ukikatika unakaa hapa roho juu, watu wanakuuliza wewe utadhani ndiye uliyeukata. Sipendi kukuona vile. Nataka mashine yako isisimame tena."

Jamani. Mtu akikwambia hivyo utamjibu nini? Nikampa mota. Lakini nikampa na masharti: siku ya kuvunja jungu, kabla mfungo haujaanza, iwe inasaga, na ikiungua atanitolea mahari upya. Akacheka, akaibeba kama mtoto mchanga.

Aliisuka taratibu kuliko kazi yoyote niliyomwona akiifanya. Mvua ikamchelewesha, vanishi ikagoma kukauka. Unajua alifanya nini? Alichukua sufuria langu kubwa, akatia koili ndani, akafunika, akaweka makaa chini na makaa juu ya mfuniko, vile vile ninavyooka mkate wa kumimina. Sikujua. Kesho yake nikaoka mkate humo humo, nikampelekea shoga yangu jirani. Akatafuna kidogo, akaacha kutafuna.

"Shoga," akasema, "hii iliki umeitoa wapi?"

Loo! Nilimfuata yule mwanamume baraza zima na mwiko mkononi. Alikuwa anakimbia huku anacheka, anasema, "Lakini imekauka! Imekauka vizuri!" Mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu, wajukuu wananishangaa.

Siku ya kuvunja jungu ikafika. Banda limejaa wanawake na ndoo zao, giza la mvua mle ndani, na yeye amening'iniza taa tatu ukutani, amezifunga kwenye koili ya pili. Akawasha mota. Ikavuma vizuri. Akabonyeza swichi ya taa.

Zikawaka!

Vigelegele vilivyopigwa pale, ungesema bibi harusi anaingia. "Umeme wa bure!" Mume wangu akanigeukia. Furaha ile ya usoni kwake sikuiona hata siku ya ndoa yetu, na mimi nilisahau kabisa kwamba nilikuwa nimemkasirikia.

Nikamimina mtama.

Mota ikaguna. Sauti ikashuka, taa zikafifia, na nilipokinga unga mkononi ulikuwa chenga tupu. Akazima taa: mota ikachangamka, unga ukaja laini. Akawasha: ikaguna tena. Akazima, akawasha. Akaweka kiganja juu ya mota. Ilikuwa ya moto kuliko zamani. Hakuna aliyemweleza kitu.

"Taa hizi hazikingi kinachopotea," akaniambia polepole. "Zinakula nguvu ya kusagia. Zinakula ya kwako." Kisha akauliza, "Nizizime?"

Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo tele, nimeyaweka tangu siku ya ile video. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasema, "Ziache ziwake."

Nikawageukia wateja. "Unga wa leo ni wa chenga. Anayetaka laini aje kesho."

"Mkate wa chenga, mwenzetu?" mmoja akalalamika.

"Basi pika uji!"

Nikaendelea kumimina, mota inaguna, taa zinawaka, na harufu ya waya wenye joto ikaanza kunifikia puani. Niliijua harufu ile. Nikamimina tu. Yeye akanitazama mimi, akaitazama mota ya mama, kisha akanyoosha mkono akazizima.

"Wasagie watu unga wao, mama watoto," akasema. "Itaungua."

Nikawasagia. Unga ukatoka laini, mweupe, na mimi nikawa nalia waziwazi, sikujali nani ananiona. Baada ya Idi aliitoa koili ya pili, akairudisha mota ilivyokuwa. Inasaga mpaka leo, na umeme ukikatika inasimama kama za wenzangu. Yeye hakugusa tena habari ile. Akarudi kwenye mafeni na pampu za watu mpaka alipougua.

Watu husema nina bahati, mota iliponea chupuchupu. Hawajui. Ningepewa leo siku ile, ningeilisha Kiswere nzima unga wa chenga, na mota ya mama iungue ikitaka, almradi taa ziwake naye awe amesimama pale ananitazama.