Jiwe la Sapiwi Ukutani

Nyanjige amechora mabango ya Bariadi miaka kumi na tisa: saluni, maduka ya dawa, kuku wenye mapaja manene kuliko ya mbuzi. Kwa hiyo mwenye ghala la pamba alipompa ukuta wa mita ishirini, achore jiwe kubwa la Sapiwi, kijiji alikozaliwa mwenye ghala huyo, Nyanjige alikuja mbio kwenye kibanda changu cha chai, akanikumbatia mpaka birika likapinduka. Wala sikukasirika!

"Elina, mtu wa Sapiwi akilitambua bila kuambiwa, basi mimi ni mchoraji," alisema. "Wasipolitambua, narudi kwa kuku wangu."

Akapewa picha ya jiwe, ya zamani isiyo na rangi, akaichora miraba, akaihamishia ukutani kwa chaki mraba baada ya mraba, mimi nimeshika ngazi. Siku tisa! Nyufa, vichaka, mapango, kila kitu mahali pake. Rangi akanunua makopo manane ya kijivu, kwani jiwe lina rangi gani nyingine? Hata mimi ningeapa.

Siku ya mnada, Mzee Masunga wa Sapiwi akapita na ng'ombe wake wanne. Akasimama, akamsalimia Nyanjige kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu. Unachora jiwe gani?"

Nyanjige alinywea kule juu. "La Sapiwi, bhabha."

"Umbo ndilo. Lakini hiyo ni saruji, mayu. La kwetu ni kama huyu." Akampapasa jike mmoja mwekundu mgongoni. "Na hapa tumboni anapofifia, ndivyo lilivyo pale maji ya mvua yanaposhukia."

Nilidhani rafiki yangu atalia. Kumbe! Alishuka ngazi mbiombio, anacheka.

"Bhabha, niazime huyo ng'ombe!"

Mzee akaahirisha kumuuza. Jike akafungwa mbele ya ghala, anatafuna pumba kwa raha zake, Nyanjige anachanganya rangi kwenye karai. Anapaka kidogo kwenye kipande cha ubao, anakisogeza kwenye ngozi, anaguna, anaongeza nyekundu. Watu walijaa! Wafugaji wote wakawa mafundi rangi: huyu anasema fuata bega, yule anasema shingo, nusura wakunjane mashati. Chai yangu iliisha kabla ya saa nne.

Siku ya tatu kazi ikakamilika. Mzee Masunga akaja kumchukua ng'ombe wake, nyuma yake mkewe, Bi Ng'washi. Mzee hakuwa amemwambia kitu. Alitaka kuona kama atalitambua mwenyewe. Bibi alikuja akilalamikia jua na bei ya sabuni, hana habari na ukuta. Nyanjige alinibana mkono hadi ukaniuma.

Bibi akainua macho. Akainama, akavua ndala, akazishika mkononi, kama wafanyavyo watu wa Sapiwi kila wanapolikaribia jiwe lile.