Kilele cha Sebuleni

Nilipokuwa nasoma Uskoti, nilikwenda na wenzangu kupanda mlima. Njia ilipokwisha tukaanza kutambaa kwenye majabali kwa mikono na miguu, mvua inatupiga usoni. Nikaangalia chini mara moja tu, nikaghairi. Nikateremka peke yangu, naburura makalio, mpaka pale magari yanapoegeshwa.

Hapo nikajipiga picha, ukungu umetanda nyuma yangu, nikampelekea mama huku Maskati: "Nimefika juu!"

Sikujua kama ataikuza, aitie fremu na kuitundika sebuleni kwetu Sib, huku huku Maskati. Kila mgeni akiingia, mama humwambia, "Huyo mwanangu, mlimani." Miaka mitatu nimefunga mdomo.

Ijumaa iliyopita walikuja watu wa posa. Nilipoingia na sinia la halua, nikamkuta baba wa mchumba amesimama mbele ya picha, miwani puani. Kumbe naye kasoma huko huko Uskoti, na ile milima kaipanda yote.

"Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hiki hapa pembeni si kioo cha gari?"

Nilitamani zulia linimeze. Nikamtazama mama, machozi yananilengalenga.

Mama hata hakutikisika. Akaendelea kumimina kahawa.

"Ndicho, bwana. Nnakifuta vumbi kila siku. Picha nimeitundika kwa kuwa mwanangu alishuka mzima."