Bakuli la Bi Mongia

"Hakuna mtu aliyewahi kuingia Sahani ya Jirani kupitia mikononi mwangu, kisha akatoka. Hata mmoja." Hivyo ndivyo Lamin Kammoun alivyojigamba redioni, mji mzima wa Sfax, Tunisia, ukimsikiliza.

Hakusema uongo. Alichonyamazia ni kwamba yeye ni kinyozi, na wageni wa kikundi hicho cha kulisha majirani aliwapokea kwenye kiti chake cha kazi, povu likiwa limeshajaa mashavuni. Nani ataondoka na ndevu za upande mmoja? Wanawake aliwaketisha kwenye benchi, akawapa kahawa ya moto isiyonyweka haraka. Kikombe kikiisha, mtu alikuwa ameshakubali kumenya vitunguu.

Kikundi chenyewe kilikuwa na kila aina ya watu. Wapo wa shurba, ile supu ya futari, walioamini hakuna shida isiyolainika sufuriani. Wapo wa dawa, waliowaona wa shurba kama wapishi wa harusi. Wapo wa madaftari ya watoto, waliokuwa wamenuniwa na wote. Lamin aliwaunganisha kwa njia rahisi: kila mgeni aliambiwa kwamba jambo analolipenda yeye ndilo lililoanzisha kikundi. Mfamasia aliambiwa dawa, mwalimu akaambiwa watoto. Wakikutana jikoni, kila mmoja aliwahurumia wenzake kwa kutojua wamejiunga na nini.

Olfa, mwanafunzi wa uhasibu, alikuja wiki moja kabla ya Ramadhani. Kahawa hakuigusa.

"Ami Lamin, mnalisha nyumba ngapi?"

"Zinazotosha."

"Zinamtosha nani?"

Mteja kitini akacheka, wembe ukiwa kooni. Si mahali pa kuchekea.

Olfa alikuwa ameshapeleleza. Chakula kilipelekwa kwenye mabakuli ya enameli kabla ya magharibi, na kesho yake watu walizunguka tena kuyakusanya. "Nusu ya kazi yenu ni kufukuzana na mabakuli," alisema. "Tumieni vikasha vya foili. Unagawa, umemaliza. Kwa watu walewale mtafikia nyumba mara mbili ya hizi. Kama hamtaki, natafuta kikundi kingine, wala sina kinyongo."

Lamin alijua kuna kitu hapo ambacho hesabu ile haikukigusa. Kilimfika mpaka ulimini. Lakini na yale majigambo ya redioni je?

"Nani kasema hatutaki?" akajibu. "Hilo hasa ndilo lililoanzisha kikundi."

Vikasha vikaingia kazini. Olfa hakukosea: nyuma ya lango la Bab Jebli, watoto ambao hawakuwahi kufikiwa na mtu yeyote walianza kufuturu kwa shurba na mkate wa tanuri. Lamin aliwaona kwa macho yake, akafurahi kweli.

Ila kikasha cha Bi Mongia kikabaki kizingitini. Cha kesho yake vilevile. Bi Mongia ni mjane, anaishi peke yake, na mlango wake ndio wa kwanza kugongwa na kikundi tangu kianze. Siku iliyofuata Lamin akaenda mwenyewe, na Olfa nyuma yake.

"Bi Mongia, unaumwa? Chakula hukipokei."

"Nina afya kukuzidi. Wewe ndiye umekonda. Redio ndiyo inayokula nyama yako?"

"Chakula kina kosa gani, mama?"

"Hakina kosa. Bakuli liko wapi?"

Olfa akaingilia kwa adabu. "Bibi, siku hizi huna haja ya kurudisha kitu. Ukimaliza unatupa. Tumekupunguzia kazi."

"Kazi gani, binti yangu? Kuchuma limau?" Akaonyesha mti wake uani. "Mlikuwa mnaleta shurba, nami narudisha bakuli lina limau, au zeituni, au kichupa cha maji ya maua ya mchungwa. Sijawahi kurudisha bakuli la mtu likiwa tupu, wala mama yangu hakuwahi. Tulikuwa majirani. Sasa mnaniletea kitu cha kutupa. Mimi nimekuwa nani?"

Akafunga mlango, taratibu tu.

Njiani Olfa akarudi kwenye hesabu. "Ni mtu mmoja, Ami. Kule Bab Jebli ni nyumba zilizojaa watoto."

"Najua."

"Basi wa zamani wapewe mabakuli, wapya vikasha."

"Wapya hawana cha kurudisha?"

"Mabakuli yakirudi kwa wote, nusu yao hawali. Atawapelekea nani?"

"Sijui," alisema Lamin. Hakuna mgeni aliyewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

Olfa akasimama. "Mambo haya ya limau uliyajua tangu siku ile kwenye benchi?"

"Nimekula limau zake miaka yote hii. Niliyajua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeondoka."

"Ningeondoka," akakubali. "Lakini Bi Mongia angekuwa amekula."

Lamin aliufikiria mlango ule. Kisha akasema mabakuli yatarudi. Olfa akaondoka kikundini bila ugomvi, akachukua vikasha vyake na vijana wawili wenye pikipiki, akaishika Bab Jebli. Bakuli la Bi Mongia likarudi na limau, moja limefungwa kitambaani peke yake: la yule binti wa hesabu. Dukani wateja, waliojua sasa mmoja ametoka, wakaanza kumsalimia Lamin, "Redio, hujambo?" Akazoea.

Wiki ya mwisho ya Ramadhani akaja kijana mgeni, ndevu tele. Lamin akampaka povu, akauweka wembe chini.

"Sikiliza kwanza. Hapa tunabishana. Wapo wa shurba, wapo wa dawa, wapo wa madaftari. Mimi ni wa mabakuli, na mabakuli yanafika nyumba chache. Ukitaka nyumba nyingi, yupo binti Bab Jebli ananishinda. Wewe unataka nini?"

Kijana akafikiri, povu likimdondoka. "Nyumba nyingi."

Lamin akamnyoa mashavu yote mawili, akafunga duka, akampeleka mwenyewe. Njiani akaingia kwa muuza vyombo, maana hakutaka kufika kwa Olfa mikono mitupu. Akanunua vikasha mia moja vya foili, kwa dinari ishirini na nne.