Mama Vichwa na Swali la Mazombi

Jina la Mama Vichwa alipewa na madereva wa idara ya mifugo, likamganda. Kazi yake katika maabara ni kupokea vichwa vya mbwa na paka walioshukiwa kuwa na kichaa, kutoa ubongo, kupaka kipande chake kwenye kioo, kukitia rangi na kukitazama kwa darubini. Ubongo usio na ugonjwa hubaki mweusi. Wenye kirusi humetameta kijani. Amezoea, na ndugu zake wamezoea pia. Wifi yake humwomba tu anawe mara mbili kabla ya kugusa sufuria.

Jumapili moja alikwenda kula chakula cha mchana kwa mdogo wake, sajenti anayesimamia walinzi wa lango la kambi ya jeshi. Nyumbani kote, kuanzia mama yao mzazi hadi mke wake, wanamwita Afande. Siku hiyo kidole gumba chake kilikuwa na bendeji. Bati la banda la kuku, alieleza.

"Bati lile ameahidi kulirekebisha tangu mwaka jana," mkewe alisema. "Sasa limemrekebisha yeye."

Watoto walikuwa wametazama filamu ya wafu wanaotembea, na wa pili alikataa kwenda chooni peke yake. Dada yake mkubwa akaona bora swali liwekwe mezani: Shangazi anajua magonjwa, Baba anajua vita, basi waseme kama mazombi wanaweza kutokea kweli, na wakitokea kama watu watapona.

Mama Vichwa alijibu kama anavyojibu wanafunzi wa mafunzo kazini. Maiti haitembei. Msuli unahitaji damu, damu inahitaji moyo. Moyo ukisimama, mwili hukakamaa kwa muda, kisha huoza. Hilo likatupwa nje. Kilicho karibu na zombi ni kichaa cha mbwa: kirusi huingia kwa jino, hutambaa kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, kisha hushuka kwenye mate na kumtia mnyama hamu ya kuuma. Lakini ni kivivu. Kwa binadamu huchukua wiki, pengine miezi, na mgonjwa akishaanza kuugua hawezi hata kumeza maji, sembuse kumkimbiza mtu barabarani. Ili dunia iishe, ugonjwa ungehitaji ukali wa kichaa na mbio za mafua, na vitu hivyo viwili havijawahi kukutana katika kirusi kimoja.

Afande naye alijipanga kwenye kiti. Adui asiyejificha, asiyepiga risasi, anayefuata kelele kama kuku wanavyofuata pumba, huyo si adui. "Nipe spika moja na shimo refu," alisema. "Kabla ya saa ya chai nimemaliza."

"Na askari wako mmoja akiumwa?" dada yake alimuuliza.

"Anaripoti. Tunamtenga, tunamtibu."

"Asiporipoti?"

"Askari anaripoti, Dada."

Alihamisha kikombe mkono mwingine alipokuwa akisema hayo. Mama Vichwa aliona, hakulitilia maanani. Hata yeye hoja yake ilisimama pale pale: aliyeumwa husema, huoshwa jeraha, huchomwa chanjo, na mlolongo hukatika.

Katikati ya wiki dereva wa kambi alileta sanduku la barafu. Dereva huyo hawezi kukabidhi mzigo bila maneno. Huyu ni yule mbwa wa getini, alisimulia, kipenzi cha Afande, alikuwa akila mkononi mwake. Wiki iliyopita alianza kugombana na matairi ya magari, Afande mwenyewe akamfunga kamba, na jana amekufa.

Mama Vichwa aliuliza kama kuna mtu aliyeumwa. Hakuna, dereva alisema. Afande aliwapanga vijana wake mstari na kuwakagua mikono, mmoja mmoja.

"Na yeye alikaguliwa na nani?"

Dereva alicheka. "Nani amkague Afande, Mama Vichwa?"

Alifanya kazi kwa utaratibu wake wote, kwa sababu mikono ikiharakisha hapo hukosea. Alipoinamia darubini, kijani kilikuwa kimetapakaa kioo kizima. Akampigia mdogo wake simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku akivua glavu kwa meno, jambo ambalo angemfukuzia mtu kazi, akagutuka na kuitupa glavu, akanawa uso na mdomo kwa sabuni kama aliyemwagiwa sumu.

Alimkuta langoni, akiwa amesimama wima mbele ya vijana wake. Alimvuta nyuma ya kibanda cha walinzi.

"Fungua bendeji."

"Dada, niko kazini."

"Fungua."

Bati halina meno. Juu ya kidole kulikuwa na matundu mawili, yameshakauka. Afande aliangalia pembeni, akaanza kujitetea kwa sauti ya chini: alikuwa ameshaamriwa na wakubwa amwondoe yule mbwa, akachelewachelewa, mbwa alimgusa tu wakati wa kumfunga kamba, alinawa na sabuni, na baada ya kuwatisha vijana kwamba atakayeficha atamjua yeye ni nani, angewaambiaje?

Mama Vichwa hakumsikiliza. Alikuwa na swali moja, na aliogopa kuliuliza. Mahali pa jino pakianza kuwasha au kuchomachoma, mara nyingi kirusi kimeshafika kwenye ubongo, na hapo hakuna chanjo itakayosaidia.

"Panawasha?"

Afande alikitazama kidole chake kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

"Hapana."

Alilisema kwa sauti ile ile aliyotumia kusema ni bati.

Hospitalini muuguzi aliosha jeraha upya, kwa muda mrefu, kisha akamchoma sindano ya kinga kuzunguka matundu yale, na nyingine ya chanjo begani. Afande aliuma midomo. Dada yake hakumtania. Alimwandikia tarehe za kurudi kuchanjwa, nyuma ya kiganja, kwa kalamu ya wino, ili kila kijana langoni azione.

Tangu hapo Mama Vichwa hupitia kwa mdogo wake kila asubuhi kabla ya kazi. Chanjo zote ameshachomwa, lakini ugonjwa huu unajua kungoja, naye anajua unavyongoja. Watoto wanadhani shangazi amekuwa mtu wa kiu, maana hawezi kukaa kabla hajaomba maji ya watu wawili.

"Kunywa," humwambia.

"Nimeshakunywa, Dada."

"Kunywa tena."

Afande huinua glasi. Dada yake hutazama koo, likishuka na kupanda, mpaka glasi ibaki tupu. Ndipo na yeye hunywa ya kwake.