Glovu za Profesa

Siku ya kwanza naingia maabara ya chuo hapa Kakamega, Profesa aliangalia ndoo yangu, akaangalia mikono yangu, akasema, "Mama, hapa unafagia tu. Usiguse kitu." Nikajibu, "Haya, baba." Nilikuwa nimetoka kuosha vyoo vya hosteli miaka mingi, pua yangu ikashukuru Mungu.

Wajukuu wangu, mnaniulizanga mashine ya hiyo maabara ilikuwa ya nini. Ilikuwa inarusha ioni, vitu vidogo kuliko vumbi, zinagonga kipande ya shaba, zinarudi. Halafu wanapima zimepoteza nguvu kiasi gani. Ni kama kurusha punje ya mahindi kwa ukuta. Ukuta ikiwa kavu, punje inaruka mbali. Ukiwa umetoka kupaka mavi ya ng'ombe, inarudi imechoka. Kwa hivyo shaba lazima ikuwe safi. Hata mafuta ya kidole, wewe huoni, mashine inaona.

Sasa kila wiki ioni zinarudi zimechoka! Zaituni, msichana wa Mumias aliyekuwa anatafuta digrii kwa hiyo shaba, analia. Na Profesa? "Ni huyu mama! Ananishikia shaba!" Akaniandikia barua: ikichafuka tena, naenda nyumbani. Mimi! Hata kupumulia hiyo shaba sijawahi.

Nikasema, wacha nifagie nikiangalia. Profesa akavaa glovu, vizuri. Akasafisha shaba, vizuri. Mlango ikafunguka, mkubwa wa idara akasalimia, "Mulembe!" Profesa, "Mulembe muno!" akampa mkono, na glovu bado amevaa! Akaja askari wa geti, mkono. Akaja mwalimu wa jirani, mkono. Kwani sisi hapa mtu akikunyooshea mkono utamnyima? Halafu na glovu hiyo hiyo akaenda kwa shaba.

"Profesa!" Ufagio ikaanguka. "Hiyo glovu imesalimia watu watatu!"

Zaituni akasema, "Wallahi, ni kweli."

Profesa akaangalia mkono yake kama ya mtu mwingine. Akavaa glovu mpya, akaanza upya. Ioni zikarudi na nguvu zao. Barua akairarua mwenyewe, lakini pole hakusema. Nikaingoja hiyo pole mpaka nikastaafu.

Siku ya kuaga nilimkuta kazini. Akavua glovu. "Mama, pole kwa ile barua. Na asante." Akanishika mkono, akautikisa sana, nikafurahi mpaka magoti ikaacha kuuma. Kisha na mkono ule ule, mtupu, akageuka akaokota shaba.

Woi! Nilinyakua leso yangu nikatoka mbio, kabla hajaanza kuuliza nani ameishika.