Negativu ya Ng'ombe wa Nane

Miaka ya sabini nilikuwa mpiga picha wa kujitegemea, yaani studio yangu ilikuwa baiskeli. Siku za soko nilisimama Daraja Mbili, kando ya akina mama wa ndizi, nikaanika picha zangu kwenye kamba ili wateja waone kazi.

Mzee mmoja mwenye duka Kebirigo aliniita niwapige picha ng'ombe wa mahari ya mwanawe kabla hawajaondoka. Nilihesabu mara mbili, mazoea tu: wanane. Nikabonyeza. Papo hapo jirani yake akaja na kamba, akamchukua mmoja mwenye sikio lililokatwa, akarudi naye kwake. Sikuuliza. Nililipwa picha, si maswali.

Mzee aliitundika picha dukani, juu ya magunia ya sukari, wateja wamwone alivyo mkarimu. Hakuwa na wasiwasi. Kwetu wakwe hawatembeleani ovyo. Mimi nakala yangu nikaianika sokoni.

Baba wa bibi arusi akaja Daraja Mbili kutafuta koti kuukuu. Akasimama mbele ya kamba yangu, akahesabu kwa kidole, kisha akahesabu tena. Nilimpenda hapo hapo. Akanieleza kwamba kwake walifika saba. Wa nane, aliambiwa, alivunjika mguu njiani akafa.

"Na huyu wa sikio nimempita asubuhi akila majani kando ya barabara," akasema. "Marehemu ana afya."

Aliitaka picha akaiweke mbele ya wazee, adai ng'ombe wake. Nikamwambia arudi siku ya soko ijayo.

Habari zilifika Kebirigo kabla baba wa bibi arusi hajafika kwake. Siku ya soko iliyofuata mwenye duka alinifikia mapema kuliko ndizi.

"Toa picha yangu hapo. Si mimi niliyekuandika kazi?"

"Omogaka, mzee wangu, uliniandika lini? Kamera yangu, filamu yangu, hata chai nilikunywa kwangu. Wewe ulinunua karatasi moja, na iko dukani kwako."

"Na ng'ombe ni wa nani?"

"Saba ni wako."

Akina mama wa ndizi wakainamia mikungu yao, mabega yakitikisika. Mzee akashusha sauti, akauliza bei ya negativu, kile kipande cha filamu kinachozaa picha. Nikamwambia ni bure, siku mkwe wake atakapompata wa nane. Akaniahidi mbuzi. Nikakataa. Akaongeza kuku. Kwa kuku huyo nikaanua picha, basi, lakini negativu ikabaki mfukoni. Mkwe wake alipokuja, nikamwomba asubiri wiki moja.

Wiki iliyofuata aliniita tena. Uani palikuwa na mtamba wake mwenyewe, tayari kwa safari ya kwa mkwe. Nilihesabu masikio mara mbili: yote mawili mazima. Kabla sijafungua kamera, mzee akatoa filamu mpya mfukoni, bado ndani ya pakiti.

"Leo filamu ni yangu. Wewe nimekukodi kidole tu."

Nikapiga, nikamkabidhi negativu ya zamani, nikaahidi kumletea na hii mpya nikishaisafisha. Nikamwomba ruhusa, kwa adabu safari hii, nianike nakala moja sokoni.

"Anika," akasema, "lakini mbele kabisa, pale mkwe wangu anapoweza kuhesabu."