Siku Nilipobonyeza King'ora

Wiki iliyopita msafara wa mkubwa fulani ulipita hapa Same, king'ora kikilia, taa za buluu zikizunguka mchana kweupe. Wajukuu zangu walikimbilia uani wakapiga makofi. Mimi niliacha maharage niliyokuwa nikichambua, nikaenda nyuma ya nyumba kutema mate. Mtaniuliza mlio wa gari unamtiaje mtu mzima kinyaa. Ngoja niwaambie ninyi, maana hata wanangu sijawahi kuwasimulia.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumeshushwa kutoka mlimani, migomba yetu tukaiacha, tukapangwa katika kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara ya vumbi itokayo Ndungu kwenda Same. Kule juu tulizoea ukungu, baridi na harufu ya moshi wa kuni mbichi. Huku chini kulikuwa na joto, minyaa, na nyumba zilizonyooshwa mistari kama madawati. Hakukuwa na cha kutazama. Gari lolote likipita lilikuwa tukio, na hakuna lililoifikia Landrova ya polisi.

Dereva wake tulimwita Koplo Sudi. Alikuwa bonge la mtu, mwenye kicheko cha karibu, akinuka petroli na mafuta ya nywele. Akikaribia kijiji aliwasha king'ora bila sababu yoyote, sisi watoto tukatoka mbio kama vifaranga waliomwagiwa mtama. Kila mara aliahidi kwamba siku moja mtoto mwema kuliko wote atapanda akibonyeze mwenyewe. Nilimpenda kuliko mwalimu wangu. Nayaandika haya huku mdomo ukiniwia mchungu.

Jirani yetu alikuwa Yohana, fundi baiskeli. Hatukuwa na undugu, lakini nilimwita mjomba. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli, akikimbia nyuma yangu ameshika kiti, akihema na kucheka. Mwaka huo mkewe alijifungua mtoto wao wa kwanza, na ubatizo ukapangwa Jumapili. Yohana akaenda Ndungu kutafuta mchele wa sherehe. Siku hizo kusafirisha mazao bila kibali lilikuwa kosa; hata nusu gunia lilitosha kukufanya uitwe mlanguzi. Tulilijua hilo hata sisi watoto. Shuleni tuliimba nyimbo za kuwalaani walanguzi, tena kwa sauti ya juu.

Ijumaa alasiri nilikuwa natoka kuteka maji, debe kichwani. Nikamwona Yohana anakuja kwa kasi, gunia limefungwa nyuma kwa mpira, shati limemgandia mgongoni. Mbali nyuma yake vumbi lilikuwa limesimama na king'ora kinalia. Aliponifikia aliweka kidole mdomoni, akatabasamu, akakata kushoto kwenye kijia cha mfereji, nyuma ya minyaa.

Punde Landrova ikafunga breki mbele yangu.

"Binti, baiskeli imepita wapi?"

Nikalishika debe kwa mikono miwili.

"Sema basi. Leo utabonyeza wewe."

Nilitua debe, nikanyoosha kidole. Hata sikufikiri. Koplo Sudi akanivuta ndani, akanikalisha karibu yake, akanionyesha kitufe cheusi. Nikakibonyeza. Mlio ule uliniingia hadi kwenye meno. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Tuliingia kijiani, magurudumu upande mmoja yakikanyaga mahindi ya watu. Yohana alikuwa mbele yetu, anakanyaga pedali akiwa amesimama. Koplo angeweza kumkamata pale pale. Hakufanya hivyo.

"Ngoja tumchezee kidogo," alisema.

Alipunguza mwendo mpaka Yohana akadhani ameokoka, kisha akaongeza tena. Akarudia mara tatu au nne, akipiga paja kwa furaha. Kijia kizima hakikuwa na gari jingine wala mtu wa kutupisha. Mwisho bampa ikagusa gurudumu la nyuma. Niliiona baiskeli ikiruka, nikamwona Yohana akienda kifudifudi kwenye mawe ya mfereji. Kidole changu kilikuwa bado kwenye kitufe. Koplo ndiye aliyekiondoa.

"Basi, inatosha," alisema, kama mtu anayemnyang'anya mtoto sukari.

Yohana aliinuka nusu. Meno mawili ya mbele hayakuwapo. Damu ilimtiririka kidevuni, na punje za mchele zilikuwa zimenasa kwenye ile damu. Koplo Sudi alikuwa akicheka, tumbo likitikisika. Yohana hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Nakundwa," alisema, maneno yakimtoka kwa shida, "shuka kwenye gari, mwanangu. Utaumia."

Walimpakia nyuma pamoja na mchele uliobaki. Alilala mahabusu siku tatu. Jumapili mtoto alibatizwa baba akiwa hayupo, na wageni wakala makande.

Jumatatu ile Landrova ilisimama mlangoni kwetu. Koplo alimkabidhi mama kifurushi cha gazeti.

"Binti yako ni mzalendo," alisema.

Mama alipiga goti kidogo, akapokea kwa mikono miwili. "Asante, afande." Baba alichukua jembe, akatoka bila kuaga.

Ulikuwa mchele. Mama aliuchambua kwa muda mrefu kuliko kawaida, na kuna punje alizozitupa bila kusema zilikuwa na nini. Akaupika. Mchanga ulikwaruza kwenye meno, lakini wali ulikuwa haujaonekana nyumbani kwetu tangu tushuke mlimani. Nilikula wote, nikaomba nyongeza.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza mama kwa nini aliupika.

"Ningeukataa, kesho yake angemtafuta baba yako," alijibu. "Na ninyi mlikuwa na njaa."

Kwa miaka mingi kinyaa changu chote nilimtupia Koplo Sudi na kicheko chake. Ilikuwa rahisi. Kisha, mama alipofariki, Yohana alikuja msibani, mzee mwenye pengo, akikokota mguu. Nilimwamkia, nikampeleka pembeni, nikaanza kuomba msamaha.

"Acha hayo," alinikatiza. "Ulikuwa mtoto. Hukujua kitu."

Alisema kwa upole ule ule, na mimi nikaitikia kwa kichwa, nikamletea chai. Laiti angenitukana. Kwa maana niliporudi jikoni ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nimekikwepa maisha yangu yote: mtoto asiyejua kitu angeonyesha barabarani tu. Mimi nilionyesha nyuma ya minyaa, kwa sababu nilijua anajificha, na aliyeniamini kwa siri hiyo ni yeye.